Nilivyompa Mfalme Ushindi Wangu

Hapa Ishiara mimi ndiye huwatafsiria wahubiri wageni kanisani. Kwa hivyo sinema ya mfalme wa zamani vitani ilipoletwa, tuliziba madirisha kwa magunia, nikasimama kando ya shuka la kuonyeshea picha, tayari kugeuza Kiingereza kiwe Kimbeere.

Kumbe haikuwa ya Kiingereza! Sikuelewa hata neno moja. Lakini mwalimu mzima nirudi kuketi, wanafunzi wangu wakiniona? Nikaamua mfalme anashinda. Akifoka, nasema anatoa amri. Akilia, nasema ni furaha. Watu wakapiga makofi, nami nikanogewa.

Halafu mfalme akapiga magoti, akawakabidhi maadui upanga wake, akafungwa kamba kama mbuzi wa mnada.

"Mwalimu," akauliza Shosho Ciarunji, bibi kizee wa benchi la mbele, "huyu mshindi wetu wanampeleka wapi?"