Taa Iliyokatazwa Kuzimika

Donatille alikuwa amepima leza miaka kumi na moja, minane kati yake katika karakana ya mgodi kule Kongo, ambako mashine ikidanganya watu huchimba handaki na kutokea pasipostahili. Aliporudi Gisenyi, kampuni moja ya ujenzi ilimpa cheo kirefu: mhandisi wa majaribio wa mitambo ya leza. Mitambo yenyewe ilikuwa mmoja tu, kisanduku cha njano juu ya miguu mitatu, kilichozungusha mstari mwekundu ukutani ili mafundi wajue usawa uko wapi.

Kisanduku kile kilikuwa na adabu. Ardhi ikitikisika kinazima taa, kinajisawazisha, ndipo kinawaka tena. Na Gisenyi ardhi haikosi kutikisika, ama volkano imejinyoosha, ama lori la kwenda mpakani, Grande Barrière, limepita. Adabu hiyo ilimkera Mkurugenzi Callixte, bwana aliyekaa Brussels miezi minne akarudi na koti la vifungo vya dhahabu, na tangu siku hiyo hakujifunza kitu kingine.

"Mashine inakonyeza kama mulevi," alisema. Akamwamuru dereva akaze kufuli ya pembeni, ile inayoizuia mashine kujisawazisha. Taa ikakaa inawaka. Ingewaka hata ukiilaza chali.

Asubuhi hiyo walikuwa Rugerero, kwenye chumba cha kuzalia cha zahanati mpya. Zege la sakafu lilingojewa. Sakafu ilitakiwa iiname kidogo kuelekea mfereji wa nje, ili maji ya kuoshea damu yatoke. Ikiinamia upande wa pili, maji hayo yangelala chini ya vitanda pamoja na wazazi.

Donatille alisimika mashine katikati ya vigingi viwili, akasoma. Akaisogeza karibu na kigingi kimoja, akasoma tena. Tofauti ya vigingi ilipaswa kubaki ileile. Haikubaki. Milimita kumi na mbili zilikuwa zimezuka.

"Védaste, ngoja kumwanga zege," alimwambia fundi mkuu.

"Mi niko nangoja, mama. Lakini Directeur alisema hakuna mutu wa kugusa kufuli bila ruhusa yake."

Donatille alipomfuata, Callixte alikuwa ndani ya gari, akijitazama kwenye kioo.

"Bon, karatasi ya vipimo iko wapi?"

"Directeur, hii mashine haiko sawa. Inafaa tu..."

"Wageni wanafika sasa hivi, mama. Naomba karatasi, hadithi utapeleka nyumbani."

Basi akaandika karatasi, kwa herufi za kusomeka hata na mtu aliyesomea Brussels. Leza imekosea milimita kumi na mbili. Isitumike, wala zege lisimwagwe, mpaka kufuli ifunguliwe na mashine ipimwe upya.

Callixte aliiweka gotini, akairuka kwa macho kama mtu anayevuka dimbwi, akaandika chini yake kile alichoandika chini ya kila kitu: Lu et approuvé. Nimesoma na kukubali. Akagonga muhuri.

Védaste aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Kumbe amekubali."

"Na amesoma," alisema Donatille. "Si iko imeandikwa?"

Kufuli ikafunguliwa. Mashine ikakonyeza, ikatulia, vigingi vikapatana. Zege likaanza kumwagwa.

Wageni walipoingia, lori likapita barabarani na taa ikazimika.

"Nani amefungua mashine yangu?" Callixte akauliza.

"We, Directeur." Donatille akamnyooshea karatasi.

Hapo ndipo alipoisoma. Aliisoma sana. Mgeni mmoja, mama wa ofisi ya afya, akauliza kuna tatizo gani.

"Hakuna, Madame. Niliona mimi mwenyewe milimita kumi na mbili, nikasimamisha kazi. Sisi hatuchezi na vipimo."

Wageni wakapiga makofi. Védaste akainamia zege lake, mabega yakimcheza.

Wiki tatu baadaye Donatille alimwaga ndoo ya maji pale kitanda cha kwanza kitakapokaa. Maji yakasita kidogo, kisha yakashika njia yao hadi mferejini. Alikuwa angali na ndoo mkononi Callixte alipomletea barua ya kuweka saini kama shahidi: anaomba apandishwe cheo, kwa kuiokoa sakafu ya Rugerero.

Donatille akaweka ndoo chini, akaisoma barua neno kwa neno hadi mwisho, akarudi juu akaanza upya. Callixte akamngoja, amesimama.