Mkufu wa Feruzi wa Marehemu

Wateja walimwita Bi Mkavu kwa kuwa alisafisha vito vya feruzi kwa kitambaa kikavu tu. Wenye ndimi zao walisema ni kwa ajili ya macho yake makavu, na hawakukosea: ukimletea kito ulichokiloweka kwenye sabuni, alikusema hapo hapo mbele za watu. Jiwe hili hunywa, aliwaambia. Hunywa manukato, jasho na mafuta ya ngozi, na buluu yake ikishageuka kijani, basi tena, la kuvunda halina ubani.

Akaja mgane mmoja, fundi viatu, na mkufu wa marehemu mkewe. Vito kumi na vitatu, vitatu vya mbele vimeshakuwa kijani. Jumamosi anaoa tena, anataka bibi harusi auvae. Bi Mkavu alimwambia kijani hakitoki, ila vilivyobaki atavilinda.

Akaufuta, akaufungia kwenye droo. Kesho yake vya kijani vilikuwa vinne. Alicheka, akasema ni uzee. Siku ya tatu vilikuwa saba, na hapo hakucheka. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwake, na feruzi haigeuki mbio hivyo hata shingoni mwa mtu. Kitambaa kilitoka na mafuta, yakinukia kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi.

Dada yake alimsihi aseme alichokiona, kwani atakayeuvaa ni mtoto wa watu. Bi Mkavu aliogopa, tena sana. Lakini aliogopa zaidi kuambiwa ameharibu mali ya marehemu.

Alhamisi mgane alikuja na mchumba wake, mshonaji mcheshi asiyeisha maneno. Mkufu wote ulikuwa kijani. Mwanamume aliutazama, asilalamike.

"Mwanangu," Bi Mkavu alianza, "huu mkufu..."

"Una nini, mama?"

"Usiuloweshe," alisema.

Binti akauvaa mwenyewe bila kioo, kifungo akakipata nyuma ya shingo kwa mara moja. Kisha akanyamaza. Mgane, aliyekwisha kufika mlangoni, akamwita kwa jina la marehemu. Ulimi umeteleza, Bi Mkavu aliwaza, akangoja binti akasirike, maana ni mwanamke gani asingekasirika?

"Abee," binti aliitika, akamfuata.