Fidia Bila Isale

Mama yangu alinukia poda. Akitoka kuoga alijimwagia shingoni, kifuani, mapajani, na sisi watoto tukipita karibu naye tulipakwa mpaka tukaonekana tumetoka mashine ya kusaga. Hadi leo, nikimwona mama mwenye kichanga kanisani Kilema, poda imetapakaa shingoni, nahamia benchi lake bila aibu. Watu wanione wanavyotaka. Nina hamu na mama yangu, basi.

Alikufa kwa saratani. Miaka ikapita, kisha wakili mmoja wa Moshi akatuambia poda ile ilikuwa na madini ya sumu, familia nyingi zimeshtaki, na kampuni imekubali kuwalipa yaishe nje ya mahakama. Tukateremka mjini, mimi na Baba. Wakili akatusomea makubaliano: kampuni italipa fidia, ila haikiri kosa lolote.

"Hebu rudia hapo," Baba akasema. Akarudia.

"Sasa wanalipia nini?"

"Mzee wangu, ndiyo sheria ilivyo."

"Na isale analeta nani?"

Kwetu Uchagani, aliyekosa huja na jani la isale mkononi. Hata kama moyo unawaka, ukiletewa isale unasamehe. Baba alitaka mtu apande mlima, asimame uani kwetu, aseme nimekosa. Mimi nikapandwa na hasira. "Baba jamani, hao watu hata Kilema hawaijui! Weka saini twende." Akasaini kwa ajili ya wajukuu, tukarudi nyumbani.

Kesho yake asubuhi nikamkuta migombani, kwenye kaburi la Mama. Amevua kofia, ameshika isale. Loo, nikajua mzee wangu amechanganyikiwa.

"Shikamoo, Baba. Si isale huletwa na mkosaji? Wewe umekosa nini?"

Hakugeuka. "Mama yako hakuwahi kujinunulia ile poda. Kila nilipokwenda mnadani Tarakea nilimletea mimi. Alikuwa anafurahi huyo! Sasa kama wenyewe hawaji, nani amwombe msamaha?"

Nilitaka kumwambia amekwisha kusamehewa. Ningesemaje mimi? Wa kusema hilo alikuwa chini ya udongo, na sisi wawili tulisimama pale tukimngoja aseme.