Wifi Aliyeniuliza Kama Nimenawa

Walimshika wifi yangu mikono na miguu, wakamnyanyua juu ya ukingo wa bato, tayari kumtupa ziwani.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeshawaka. Watu wazima, wenye akili zao.

Na aliyekuwa anapiga kelele kuliko wote ni mimi.

"Mumutupe! Aende na kolera yake!"

Hii si habari ya kusimuliwa na jirani. Nilikuwepo, na nitaisema yote, hata pale inaponichoma.

Naitwa Emmanuella. Bandarini hapa Kalemie wananiita Mama Ema. Miaka kumi na moja nilipika ndani ya bato ya chuma inayobeba abiria na mizigo kwenda Moba. Jina la bato naliacha. Wanaolijua wanalijua.

Sehemu yangu ilikuwa nyuma, karibu na mashine. Mbabula mbili, yale majiko ya makaa, sufuria kubwa ya bukari, ugali wetu, ndagala wa kukaanga, samaki wadogo wa ziwa, na asubuhi mikati na chai. Pembeni kuna pipa la maji ya kunywa, na kikombe kimoja kimefungwa kwa kamba. Abiria anachovya, anakunywa, anakitupia humo humo.

Hatukuona ubaya wowote.

Sehemu ile ilikuwa inatamaniwa sana. Ukikosa safari moja tu, unakuta mwanamke mwingine amekalia kigoda chako. Na Papa Éliézer, komanda wa bato, hana muda wa kusikiliza kesi za wapishi.

Basi. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka jana, akapanda Joëlle.

Joëlle ni dada ya mume wangu Urbain. Anafanya kazi kwenye kituo cha wagonjwa wa kolera, yaani kipindupindu. Ndiye anayemwaga dawa sakafuni na kuosha ndoo za wagonjwa. Mimi na yeye hatupikiki chungu kimoja tangu siku ya harusi yangu, aliponiambia mbele ya shangazi zake kwamba vyombo vyangu vinanuka.

Alikuwa anakwenda Moba kumsalimia shangazi mmoja wa hao.

Ungeona alivyopanda! Ndoo yenye robine chini, bomba dogo la kufungulia maji. Kipande cha sabuni. Chupa ya javeli, dawa ya kuua vijidudu. Sahani yake na kijiko chake, vimefungwa ndani ya kitambaa cheupe. Mtu akimnyooshea mkono, yeye anaweka wake kifuani, anainama kidogo, anapita.

"Huyu madame anatoka Ulaya?" akauliza mfanyabiashara mmoja wa mawese. Watu wakacheka.

Saa sita mchana nikapakua. Sahani ya kwanza nikampelekea yeye. Sikufanya kwa mapendo, nasema ukweli. Nilifanya ili watu waone kwamba mimi najua heshima ya ukwe.

Hakuipokea.

Aliniangalia mikono. Halafu akaniuliza, mbele ya wateja wangu wote:

"Wifi, umenawa?"

Weee!

Wote waliokuwa wanangoja sahani walitugeukia. Hapa kwetu ukikataa chakula cha mtu hadharani, umeshamwita mchawi.

"Joëlle, unasema mimi nina sumu?"

"Nimeuliza kama umenawa."

"Miaka kumi na moja nalisha watu hapa! Nani amekufa? Sema jina moja!"

"Sijasema mtu amekufa. Maji yangu iko pale, sabuni iko pale. Nawa, nitakula."

"Kunawa na maji yako? Mimi mutoto yako?"

Mzee mmoja, Papa Chabani, fundi wa kushona kutoka mjini, akaamua kunisaidia. Alikuwa mtu wa masihara. Akaichukua ile sahani mikononi mwangu.

"Leta hapa, Mama Ema. Huyu anakula sabuni, mimi nakula bukari."

Bato nzima ikacheka. Papa Chabani akamaliza sahani ile, akaomba nyingine. Akachovya kikombe kwenye pipa, akanywa hadi mwisho, akajipangusa ndevu.

Kuanzia hapo Joëlle akawa na jina: Madame Sabuni. Alikaa peke yake juu ya magunia, anamenya ndizi na mayai yake ya kuchemsha. Kila aliyetoka chooni, Joëlle alimwambia, "Papa, kuna maji ya kunawa hapa. Mama, kuna sabuni hapa." Choo kilikuwa kimoja tu, kibanda cha mabati mwisho kabisa wa bato, hakina tone la maji.

Wachache walinawa. Wengi walipita wanamtolea ulimi.

Mimi nilifurahi. Nilikuwa naongeza chumvi kwenye masihara yao kila nikipita.

Saa kumi mashine ikafa.

Tulikuwa tunaona milima ya Marungu kule mbele, upande wa Moba, lakini kufika hapana. Papa Éliézer akashuka kwa mafundi wake, akatoka na mafuta hadi kwenye kope, akasema kipande kimevunjika, ameshapiga simu, tungoje bato nyingine ije kutuvuta. Tukalala pale, watu karibu mia na hamsini, na choo kile kimoja.

Asubuhi, wa kwanza kuanguka alikuwa Papa Chabani.

Alikwenda chooni mara tatu kwa haraka. Mara ya nne hakufika. Maji yalimtoka kama maji ya kuosha mchele, chini na juu. Macho yakaingia ndani. Ngozi ya vidole ikakunjamana kama ya mtu aliyefua kutwa.

Kisha mama mmoja mwenye mimba. Kisha vijana wawili waliolala karibu na pipa.

Joëlle akavaa glovu. Alimgusa Papa Chabani tumbo, akambana ngozi ya mkono kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama.

"Hii ni kolera," akasema. "Mutu asiguse tena maji ya pipa."

Akachukua chupa yake, akaanza kumimina javeli ndani ya pipa.

"Anatia nini mule?" akapiga kelele yule wa mawese. "Anatuua!"

Na hapo mimi, Emmanuella, mke wa kaka yake, nikasimama juu ya kigoda changu.

"Anatoka kituo cha kolera! Kila siku anaosha matapishi ya watu! Ameileta na nguo zake! Jana pia nilimuona kwenye pipa!"

Ile ya jana ilikuwa uongo. Nilisikia nikiusema, na sikuurudisha.

Watu walimvamia kama moto wa nyasi. Ndoo ya robine ikaruka majini. Sabuni ikafuata. Kofi la kwanza likamwangusha, la pili likampasua mdomo. Wanaume wanne wakamnyanyua.

"Sema!" Yule wa mawese alikuwa anamrushia mate usoni. "Sema nani ameleta ugonjwa humu!"

Joëlle, akiwa ananing'inia hivyo, akageuza shingo.

Akaniangalia mimi.

Si kwa haraka. Aliniangalia kama mtu anayesoma barua.

Halafu akasema, "Ni mimi. Natoka kituo, labda njo mimi nimeleta. Munitenge kule mbele. Lakini muwape wagonjwa maji yenye chumvi na sukari, sasa hivi, la sivyo watakufa."

Papa Éliézer alitokea na spana mkononi.

"Mukimutupa, nani atamushika huyu mzee? Wewe?" Akamwelekezea spana yule wa mawese. "Wewe utamupangusa? Ndiyo ao hapana?"

Wakamwacha aanguke sakafuni kama gunia.

Alisimama mwenyewe. Akatema damu. Akaja moja kwa moja kwenye mbabula zangu.

"Chemsha maji. Maji mengi. Halafu kaa mbali na kikombe."

"Wewe si komanda wangu."

"Chemsha maji, Emmanuella."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina langu, mimi mke wa kaka yake. Nilichemsha. Nilikuwa namchukia hadi meno yananiuma, lakini nilichemsha. Yeye alipima: litre moja, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Alinywesha watu kijiko kwa kijiko, watu wale wale waliompiga, mdomo wake umevimba kama mkate.

Hadi jioni wagonjwa walikuwa tisa.

Jumatano mchana bato nyingine ikatuvuta kurudi hapa Kalemie, ndiko ilikotoka. Watu wa afya walikuwa wanatungoja na mabuti ya mpira na pampu za dawa. Tulishuka mmoja mmoja, tunapuliziwa nyayo na mikono. Mama mwenye mimba alipona, yeye na mimba yake. Vijana wale walipona.

Papa Chabani alikata roho kwenye machela, kabla hajavuka geti la bandari.

Sasa nisikilizeni. Kuna jambo nimelificha tangu mstari wa kwanza.

Tumbo langu lilianza kuharisha Jumamosi. Siku mbili kabla ya safari.

Si sana. Mara tatu, mara nne kwa siku. Nilimeza vidonge vya sokoni. Urbain akaniambia, "Baki nyumbani." Nikamjibu, "Nikibaki, mwingine atachukua mahali pangu. Utanipikia wewe?"

Jumatatu asubuhi, kabla ya kamba kufunguliwa, Joëlle alinivuta pembeni. Kaka yake alikuwa amemwambia.

"Wifi, shuka. Usipike leo."

"Shuka wewe," nikamjibu.

Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimekwenda kwenye kile kibanda cha mabati mara tatu. Nilifuta mikono kwenye kitenge changu. Nikarudi nikafinyanga bukari kwa vidole hivi hivi. Na kikombe kile nilikichovya mara ngapi, sijui.

Aliponiuliza kama nimenawa, hakuwa ananitukana. Alikuwa amesimama nyuma yangu kwenye foleni ya choo. Aliniona.

Bandarini walitupima, nami nikakutwa nayo. Nikalazwa kwenye kituo chake yeye. Siku ya pili akaja kitandani pangu, amevaa mabuti na pampu mgongoni, kidonda cha mdomo bado kibichi.

"Ulijua ni mimi," nikamwambia.

"Nilijua."

"Juu ya nini haukusema pale?"

"Wangekutupa wewe. Mimi najua kuogelea."

Nikaanza kulia. Nikanyoosha mkono nimshike. Akarudi nyuma hatua moja.

"Usinishukuru. Sikufanya juu yako. Watoto wa kaka yangu wanahitaji mama, hata mama wa namna hii." Akavuta pumzi. "Na mimi pia nina kosa. Jumatatu ningepiga kelele, watu wote wasikie kama unaharisha. Nilinyamaza juu ya aibu ya familia. Ule mzee amekufa juu ya aibu yetu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno likaniingia kama lile.

"Sasa utawaambia?"

"Mimi hapana. Utasema mwenyewe."

Akapulizia dawa chini ya kitanda changu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mpaka leo hatusemezani. Akija nyumbani anamsalimia kaka yake, anawabeba watoto, anaondoka. Mimi naona mgongo tu.

Ilinichukua miezi mitano kupata miguu ya kwenda kwa mjane wa Papa Chabani. Anaitwa Mama Mwanamisi. Nilimkuta mlangoni anachambua mchele, wajukuu wanacheza nyuma yake. Cherehani ya marehemu ilikuwa ndani, imefunikwa shuka.

Nilipiga magoti, nikamweleza yote. Vidonge. Kitenge. Sahani mbili alizokula mume wake. Uongo nilioupiga juu ya wifi yangu.

Mikono yake iliendelea kuchambua mchele mpaka nikamaliza.

"Huyo Joëlle," akauliza, "njo yule alimunywesha?"

"Ndiyo, mama."

"Alimushika mkono?"

"Alimushika mpaka bandarini."

Akatikisa kichwa polepole. Nikadhani amelegea. Nikanyoosha mkono wangu kumpa pole.

Hakuushika.

Aliingia ndani, akatoka na birika la maji na kipande cha sabuni. Akasimama juu yangu.

"Nawa."

Nikanawa. Alinimiminia mwenyewe. Kiganja, kati ya vidole, chini ya kucha, hadi kwenye kifundo cha mkono. Kila nilipotaka kuacha, alisema, "Bado." Wajukuu waliacha mchezo, wakatuangalia.

Maji yalipokwisha, akasema, "Sasa toka kwangu."

Nikatoka.

Leo sipiki tena kwenye bato. Ile sehemu ilichukuliwa na mwingine, na dunia haikuanguka.

Wewe unayesoma hii, pengine kesho unapanda bato kwenda Moba, Kigoma, popote. Beba sabuni yako na maji yako ya kunawa. Ukikuta kikombe kimoja cha watu wote, usikiguse. Mtu akikuuliza kama umenawa, usimjibu kwa hasira, angalia mikono yako kwanza.

Na kama tumbo lako linaharisha, usimpikie mtu. Sema kwa sauti. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Hii ninayoibeba mimi, naamka nayo kila siku, na imenikalia shingoni kwa jina la fundi cherehani aliyekuwa anajaribu tu kunichekesha.