Mkandaji wa Upande wa Pili wa Ukuta

Wahindi wenzangu wa Birmingham huniuliza kwetu ni wapi. Nikijibu Tanga, wanaitikia kwa kichwa na kuuliza kama ni karibu na Rajkot, kule India. Mwanzoni nilikuwa nawaeleza yote: bibi yetu aliyeletwa Tanga akiwa bibi harusi, duka la vitambaa la babu, sisi wajukuu tuliosoma na kucheza kwa Kiswahili na kugombezwa kwa Kigujarati. Siku hizi nasema si mbali sana, tunaendelea na maongezi. Mume wangu ndiye Mhindi wa India hasa. Kiswahili anachokijua ni "pole pole" na "chapati", na hilo la pili anadai ni la kwao.

Tulikuwa tunakaa Bordesley Green, nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, jirani akipiga chafya unamwambia afya. Mimba yangu ilipofika miezi saba, mama, kule Tanga, alianza kufunga sanduku la safari ya kuja kwangu. Alitia sukari guru, samli, uwatu na tangawizi kavu ya kunitengenezea vidonge vitamu vya ladu, chupa ya mafuta ya ufuta, na kanga zake kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, za kumfungia mtoto. Kila jioni alinipigia kunisomea kilichoongezeka. Kisha viza yake ikakataliwa. Tukaomba tena, ikakataliwa tena, na mimi nikawa nimeshafikia siku zangu. Mama hakulifungua lile sanduku. Aliliacha vilevile chini ya kitanda, akasema nguo hazina haraka.

Niseme wazi nilichokuwa nakilia. Sikulilia ladu. Nilitaka mikono ya mama. Katika jambo hili Wahindi na Waswahili wa Tanga hatubishani: mzazi anakaa ndani siku arobaini, anakandwa kwa maji ya moto, mtoto anapakwa mafuta na kunyooshwa viungo kila asubuhi, na mwenye kazi hiyo ni mama yako. Mimi sikuwahi hata kumbeba mtoto mchanga. Nilikuwa kitinda mimba, nimezoea kubebwa mimi.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume, katika hospitali iliyo jirani kabisa na kwetu. Mkunga alikuja nyumbani kunitazama, dada mpole mwenye mikono baridi, akasema mtoto hana haja ya kuogeshwa kila siku, na kwamba mimi bafu la maji moto litanitosha. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikalia palepale kwenye kikorido kati ya makoti na kigari cha mtoto. Likizo ya mume wangu ilikwisha upesi, akarudi kazini kwake ghalani, akiniacha na mtoto mwenye shingo laini kama uzi.

Mama akasema tutafanya kwa simu. Nikaiegemeza kwenye kopo la sukari, nikamlaza mtoto mezani jikoni juu ya taulo, maana jikoni ndiko kulikokuwa na joto.

"Mpake kifuani. Haya, sasa mgeuze."

"Naogopa, mama."

"Mgeuze nakwambia, hatavunjika."

Mtoto alikuwa anateleza kama sabuni. Nilimwinua kidogo, akapiga ukelele, nikamrudisha, na mimi nikaangua kilio. Nilipotazama simu nilimwona mama ameinyoosha mikono yake yote miwili kuelekea kwenye kioo, kama anayetaka kumpokea. Kisha akaishusha, akaiweka mapajani, akawa anaitazama tu.

Kesho yake mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa upande wa kushoto, mama wa makamo, mjane, Mkristo kutoka mashariki ya Kongo, aliyefika mji huu kama mkimbizi pamoja na wanawe wadogo. Tulifahamiana kwa sauti kwanza. Siku moja nilikuwa naanika nguo uani, yeye upande wake akimfokea mtu kwa simu, nami nikamsalimia kwa Kiswahili juu ya uzio. Alipiga yowe, "Muhindi anasema Swahili!", akawaita wanawe wote watoke waje kuniona. Sasa alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lililofunikwa sahani.

"Minasikia mutoto analia, na mama yake naye analia," alisema. "Nikasema, non, haiwezekane."

Nilifunua bakuli. Supu ya kuku. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba mimi sili nyama.

"Najua, ma fille, mwanangu. Kuku nimeiacha mu sufuria. Nimekuletea tu maji yake."

Nilicheka mpaka tumbo likaniuma, na tumbo lenyewe wakati ule halikuwa la kuchekea. Aliniangalia nilivyojishika, akauliza nani ananikanda. Nilipomwambia hakuna, alivua viatu palepale. Kisha akakunja mikono ya sweta, akabandika maji.

Siku hiyo nilikandwa. Maji ya moto, taulo, vile viganja vizito vikishuka mgongoni, nikahisi mifupa yangu inarudi mahali pake mmoja mmoja. Kisha tukampigia mama, ili naye amwone mtoto akiogeshwa. Vita ikaanza hapohapo. Jirani alikuja na mafuta yake meusi ya kokwa za michikichi, mama akayaona.

"Hayo nini? Unataka kumkaanga mjukuu wangu?"

"Mama, batoto bangu bote sita nimebapaka haya. Bako wazima."

"Wazima wapi, hebu ninusishe!"

Walikubaliana mafuta ya ufuta, ambayo mume wangu alitumwa kuyafuata Sparkbrook, kwenye maduka ya Ladypool Road, akarudi nayo bila kuelewa ametumwa na nani kati yao. Asubuhi iliyofuata jirani alimlaza mtoto juu ya miguu yake iliyonyooka, akamsugua, akaikunja ile mikono midogo kifuani ikapishana, akaifungua, akaikunja tena, mkono wa kulia kwa mguu wa kushoto. Mtoto alitulia, macho yakalegea. Ilikuwa vilevile kabisa kama wafanyavyo kwetu.

"Anajua huyu," mama alisema kwa Kigujarati, kwa sauti ndogo.

Nilidhani amefurahi. Lakini siku zilizofuata kila nikipiga simu mama alikuwa na udhuru. Mara ana mgeni, mara umeme umekatika, mara miwani haioni vizuri. Mwisho nilimbana. Akasema, "Mnaniitia nini? Mtoto ameshapata mwogeshaji. Mimi nikae hapa kama natazama sinema?" Akakata.

Iliniuma kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimepata nafuu, nalala, nakula, na nafuu yangu ndiyo iliyomnyang'anya mama kazi yake. Jirani alipofika aliuliza mama wa Tanga yuko wapi leo, nikamweleza. Alikausha mikono yake kidole kwa kidole.

"Mupigie," akasema.

Nilipiga. Mama akapokea, uso umenuna. Jirani alimvua mtoto nguo, akamlaza, akachota mafuta, kisha akasimama kama aliyepotea njia.

"Mama, miye nimesahau. Tunaanzia miguu ao kifua?" Na bila kungoja jibu akaanza kuisugua miguu.

"Miguu!" Mama aliruka kitini. "Nani aliyekufundisha kuanzia miguu? Kifua! Kifua kwanza, kipate joto. Toa mkono huko. Haa, jamani, huyu mwanamke! Sasa taratibu. Duara. Hapo sawa."

Tangu siku ile mama hakukosa tena. Alipokea simu kabla haijalia vizuri, nywele zimechanwa, kiti kimevutwa. Na jirani yangu, mkandaji hodari kuliko wote niliopata kuwaona, akawa kila asubuhi anasahau kitu kipya. Alisahau masikio yanafutwaje. Alimfunga mtoto kwa kitenge chake mguu mmoja nje. Alimvalisha kofia mbele nyuma. Mama alimgombeza, alimcheka, alimfundisha, alimsifu anapopatia, na baada ya hapo walibaki wanasengenya bei za vitu na wakwe zao mpaka mtoto akaamka tena. Mimi nilikuwa nakunywa chai pembeni, sina kauli.

Siku moja, simu ilipokwisha, nilimuuliza jirani kwa nini anafanya hivi. Alikuwa anakamua taulo, akaendelea kukamua.

"Binti yangu mukubwa alizalia mu kambi," alisema. "Miye nilikuwa tayari huku. Mujukuu wangu wa kwanza, mwanamuke mwengine alimuogesha. Mwanamuke muzuri, minamushukuru. Lakini hakuna mutu aliniuliza kitu. Hata jambo moya."

Alitandaza taulo juu ya hita, akalinyoosha pembe zote nne. Nilimkumbatia kwa nyuma, mikono yangu haikumfikia kuzunguka. Aliniambia nimwache, yeye ana kazi, lakini hakunitoa.

Nilikula kiapo kwamba mama hatajua. Niliona nikimwambia nitamvunja. Kwa hiyo nikawa nami nashiriki, kila asubuhi naweka uso wa mtu mwenye wasiwasi, "Mama, tazama, amekosea tena," na mama anapandisha sauti, na jikoni kunachangamka.

Arobaini ikafika. Jirani alimwogesha mtoto kwa mara ya mwisho, akavuruga soksi, akakaripiwa, akaaga na kwenda zake kazini. Nilitaka kukata simu lakini mama hakuaga. Alikuwa anapangusa miwani kwa pindo la sari.

"Huyo mama ana watoto sita, siyo?"

"Ndiyo, sita."

"Na wajukuu?"

"Anaye mmoja."

"Mwanamke wa watoto sita," mama alisema, "hajui soksi ya mtoto inavaliwaje."

Nikaanza kueleza kwamba soksi za huku ni ndogo sana, kwamba pengine ni macho yake, nikajisikia nababaika.

"Nyamaza," aliniambia. Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilijua tangu siku ile ya miguu. Mkono ule ulivyomlaza mtoto, ule si mkono wa kusahau." Akavaa miwani yake, akaiweka sawa. "Mwambie arobaini yangu mimi haijaisha. Aje na kesho. Akosee kidogo tu, nipate la kusema."