Lori Lililolala Upande wa Dereva

Nimemiliki malori ya kweli, ya injini, na karakana ya kujenga mabodi juu yake. Silifichi hilo, nimelifanyia kazi. Lakini lori nililojivunia kuliko yote lilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nililijenga kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, nikiwa nimekaa mlangoni pa chumba nilichopanga Majengo.

Ilikuwa miaka ya sabini inaelekea kuisha, mtaa wa Umoja unajengwa. Shule niliiacha darasa la tatu. Nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mawe: tunapakia machimboni Njiru, tunapakua Umoja, tunarudi. Mtaani nilijulikana kama yule wa mawe, basi.

Karibu na kwetu palikuwa na duka la mzee mmoja Mswahili aliyetoka pwani zamani. Juu ya magunia yake ya mchele aliweka kabati la kioo. Kila Idd alichagua gari moja la mkebe, kati ya yale wanaume wa mtaa waliyojenga, likakaa kabatini mpaka Idd nyingine. Nasema wanaume, si watoto. Haya hayakuwa magari ya waya ya kusukuma kwa fimbo. Mlango lazima ufunguke, usukani lazima ugeuze magurudumu, na tena lifanane na gari ambalo watu wanalijua. Mzee alikuwa na neno lake: "Usiniletee gari la ndoto. Niletee gari la barabarani." Kila aliyekuja kununua sukari aliuliza lile la kabatini ni la nani. Nilitaka waulize, waambiwe ni langu. Nililitaka kabati lile kuliko nilivyotaka kula.

Shida ni kwamba lilikuwa na mwenyewe. Bwana mmoja wa reli, aliyekaa zile landhi za Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, alikuwa akijenga vichwa vya treni, na kila Idd mzee alichukua chake, eti reli nayo ni barabara. Mkono alikuwa nao, siwezi kumnyima. Mdomo pia alikuwa nao.

Mimi nikajenga lori letu la mawe. Hesabu sikujua, nilijua kamba. Dereva akienda kula, napima lori kwa kamba: kutoka bampa hadi mkia, kutoka chini hadi kona ya bodi, kila kona kivyake. Kisha naikunja kamba katikati, naikunja tena, mara nne. Kinachobaki ndicho kipimo cha mkebe. Sikubahatisha hata bawaba. Magurudumu niliyachonga kwenye soli ya ndara za patipati. Springi nilikata kwenye ule utepe wa chuma unaofunga marobota ya mitumba. Taa za nyuma nilipaka rangi ya kucha ya jirani yangu, mama mmoja aliyenicheka siku nzima kisha akaniongezea chupa nyingine. Na chini ya bodi niliweka bomba la sindano la plastiki lililojaa maji, lenye mpira mwembamba. Ukisukuma maji, bodi inainuka na kumwaga kokoto. Hakuna mtu Majengo aliyekuwa amefanya hivyo. Nilikuwa wa kwanza.

Siku ya kuonyesha, wiki moja kabla ya Idd, nikaliweka barazani kwa mzee, nikamwaga kokoto. Watu wakapiga makofi. Nikamwangalia yule wa reli. Hakupiga. Alichuchumaa nyuma ya lori, akafumba jicho moja.

"Bwana wa mawe," akasema, "hili lori lako limepigwa na kiharusi?"

"Kiharusi gani?"

"Njoo uone. Limelala kulia. Au mlibeba mawe ya upande mmoja?"

Nikachuchumaa. Kweli, lilikuwa limelala. Watu wakacheka mpaka mwingine akashika nguzo.

"Nilipima," nikasema. "Kamba yangu haidanganyi."

"Basi kamba yako pia imelala."

Mzee akanivuta kando. "Mwanangu, kazi yako nzuri, wallahi. Linyooshe tu, nalitia kabatini. Kombo siweki."

"Mzee, sinyooshi kitu nilichopima."

"Basi itaingia treni."

Jumatatu, Njiru, nikachukua chupa ya soda, nikatia maji nusu, nikaisimamisha katikati ya lori tupu, penye uwanja sawa. Maji yakalala kulia. Lori lilikuwa kombo! Nililipanda kila siku ya Mungu, na sikujua. Mtu akizoea kusimama juu ya kitu kombo, miguu yake inajinyoosha yenyewe.

Nikamwendea dereva mbio. Alikuwa mtu mnene, kiti chake kilikuwa kimebonyea kama sufuria.

"Dere, lori letu limelala upande wako."

Akaacha kutafuna. "Nani amesema?"

"Chupa imesema."

"Unataka kusema nimelilalisha kwa huu mwili?"

"Sijataja mwili, dere."

"Umeutaja na macho! Miaka yote naendesha hili lori, limesimama kama askari. Eti limelala!"

Nikamweleza habari ya mzee, kabati na treni. Nilidhani atanionea huruma. Wapi! Alikasirika zaidi.

"Jumamosi tukishafunga kazi nalileta hapo kwa mzee wenu, mtaa wote uone. Likisimama wima, hicho kimkebe chako nakikanyaga mbele yako. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Wiki ile sikulala vizuri. Lakini sikugusa springi za lori langu dogo.

Jumamosi lori likaingia Majengo likipiga honi. Dereva akalisimamisha mbele ya duka, akateremka akipangusa mikono. Mimi nikaweka langu nyuma yake, juu ya debe, limeangalia upande uleule. Watu wakazunguka. Mama mmoja mwenye kikapu akaanza kucheka, wote wakafuata. Lori kubwa na dogo yalikuwa yamelala sawasawa, kama baba na mwana wametoka kilabuni.

"Ni barabara hiyo," akasema yule wa reli. "Inateremka. Geuza!"

Dereva akageuza lori, likaangalia lilikotoka. Kama ni barabara, sasa lingelala upande wake wa kushoto. Halikulala kushoto. Lililala kulia, upande wa dereva, vilevile.

Dereva akaenda nyuma, akatazama, akashika kiuno. Kisha akaja kwenye debe. Mguu wake ulikuwa karibu, nikaona anaunyanyua, nikafunga macho. Alikuwa anachuchumaa tu. Akafungua mlango mdogo kwa kidole, akageuza usukani.

"Hata hapa umeweka kiti changu kilivyobonyea," akasema. "Wewe ni mtu mbaya sana."

Halafu akacheka, tumbo likatetemeka. Mzee wa duka hakungoja. Alitoa treni kabatini kwa mikono yote miwili, akampa mwenyewe, akaliweka lori langu. Yule wa reli alinipa mkono. "Mwaka ujao," akasema. Nikamwambia nipo.

Baada ya Idd lori la kweli liliwekewa springi mpya, likanyooka. Watu wakaja kuniambia ninyooshe langu. Nikakataa. Mzee naye alianza kuingiza kipande cha kiberiti chini ya gurudumu la kulia, eti kabati lionekane vizuri. Kila nikiingia dukani nakitoa. Nikitoka anakirudisha. Mwishowe alichoka yeye.

Basi mgeni akija anauliza, "Mzee, hili lori mbona limelala?" Na mzee anaacha kupima sukari, anaegemea meza, anaanza: "Sikiliza. Kuna kijana hapa mtaani, anapakia mawe..." Alikuwa akiirefusha kila mara. Jioni nyingi nilikwenda kununua chumvi ambayo sikuihitaji, nikasimama nyuma ya foleni, nikasikiliza mpaka mwisho.