Mchicha Kwenye Gambuti la Mchimbaji

Sisi tuliokuwa darasa la nne mwaka wa rashi ya dhahabu tunajuana hadi leo. Tukikutana sokoni Mugumu, hata kama mmoja ana mvi na mwingine kabeba mjukuu, lazima mmoja aseme, "Unakumbuka?" na mwenzake aanze kucheka kabla swali halijaisha. Dhahabu yenyewe hatuikumbuki, maana wengi wetu hatukuiona hata chembe. Tunachokumbuka ni jinsi kijiji chetu, kule upande wa Nyansurura, kilivyolala kikiwa cha ng'ombe na mtama, kikaamka kimejaa watu.

Walikuja na sururu, magodoro yaliyokunjwa na redio. Wengine walitoka Geita, wengine Kahama, wengine walitokea mpakani Sirari wakiongea Kiswahili cha ng'ambo kilichotuchekesha. Ghafla kukawa na chapati kila asubuhi njiani kwenda shule, harufu yake inakushika mguu mpaka unasahau kengele. Kukawa na maturubai ya bluu, muziki mchana kutwa, vumbi la mawe yanayopondwa, na mwalimu wetu wa hesabu ambaye Ijumaa moja alionekana na sururu begani, Jumatatu akashika chaki kwa mkono wenye malengelenge. Tulikuwa na furaha isiyo na maelezo. Hakuna aliyetembea, tulikimbia tu. Hata kisimani tulikwenda mbio.

Mama yangu ndiye hakukimbia. Bustani yake ilikuwa chini kijitoni: mchicha, kunde, na mgagani ambao sisi tunauita chinsaga. Siku moja baba na kaka yake, yaani baba mkubwa, wakakubaliana na wachimbaji kwamba pale pachimbwe. Mama aliambiwa mambo yakiwa yamekwisha. Akashuka kijitoni, akang'oa miche aliyoweza, akarudi nayo ndani ya khanga. Baba alikuwa uani ananoa panga.

"Mwakani utapanda tena," baba akasema bila kuinua kichwa.

"Nitapanda leo," mama akajibu. "Bustani inahamia hapa nyumbani. Wakitaka, waje wachimbe ndani ya sufuria."

Na jioni ile ile sufuria iliyotoboka ikajaa udongo. Ikafuata beseni tuliloogeshewa wote tukiwa wachanga, chungu kilichomeguka mdomo, na kasha la redio ya babu iliyokufa zamani. Mama alipasha msumari motoni akatoboa matundu chini ya kila chombo ili maji yasituame, akatanguliza kokoto, kisha udongo uliochanganywa na samadi ya zizini. Vyombo vikapangwa juu ya uchaga, mbuzi wasifikie. Kuuzunguka uchaga akafunga waya wenye makopo matupu, nyani akigusa yanalia, nasi tunatoka na mawe. Niliipenda kazi ile kuliko mchezo wowote.

Siku chache tu, vyombo vya nyumbani vikaisha. Ndipo mama alipotutuma mimi na Bhoke.

Bhoke alikuwa binti wa baba mkubwa. Tulilingana umri, tulilala kitanda kimoja na tulishindana kwa kila kitu, hadi nani amalize ugali kwanza. Wachimbaji walikuwa watu wa kutupa. Kila tukitoka shule tulipita kambini kwao tukiwa na macho kama ya kunguru, na kila siku tulirudi na kitu. Gambuti lililochanika kisigino likapigiliwa ukutani, mchicha ukaota mdomoni mwake. Kofia ngumu iliyopasuka ikawa kitalu cha nyanya. Dumu la mafuta likakatwa ubavu, likalazwa, likavaa sukuma wiki. Chupa zikatobolewa vifuniko zikawa za kumwagilia. Mchimbaji mmoja alipita uani kwetu akaliona gambuti lake kuukuu, akasimama akalitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe wewe umefanikiwa kuliko mimi."

Mama alikuwa na sheria moja tu. "Okoteni kambini na barabarani. Mwaloni msikanyage."

Mwalo ulikuwa mtoni, mahali walipooshea mawe yaliyosagwa. Huko walitumia zebaki, ile dawa nyeupe inayong'aa, ili kuikamata dhahabu. Mama alikuwa amesikia kwamba inadhuru watu. Zaidi ya hapo hakujua, lakini kwake ilitosha.

Kisha Bhoke akaleta pipa. Nusu pipa zima la chuma, analisukuma kwa mguu kutoka kambini, watoto kama kumi nyuma yake wanashangilia. Mama aliweka kiganja mdomoni, akacheka mpaka akakaa chini. Miche ya nyanya iliyokuwa kitaluni ilihamia humo yote. Nilimpongeza Bhoke huku moyo unaniuma.

Kesho yake mchana nikaenda mwaloni peke yangu. Watu walikuwa wamekwenda kula. Juu ya rundo la mchanga kulikuwa na karai kubwa la bati lililotoboka chini, na mabeseni mawili yaliyopasuka. Matundu yalikuwa tayari. Niliona kama vimetengenezwa kwa ajili yetu. Nikavisugua kwa mchanga mtoni, nikavibeba vyote kichwani.

"Nimevikuta barabarani, karibu na mama ntilie," nikamwambia mama.

Alinisifu mbele ya watu wote, Bhoke akisikia. Na mchicha wa kwenye karai ukaota mzuri kuliko wote, majani mapana kama mkono. Tuliula mara mbili.

Baada ya wiki kadhaa tundu la karai likapanuka, udongo ukawa unamwagika. Mama akauhamishia mchicha kwenye gunia, akalisafisha karai, akasema Jumamosi tulipeleke kwa fundi bati Mugumu, na mimi nimsindikize kwa kuwa karai ni langu. Kwenda Mugumu kwenye gari! Sikulala vizuri siku mbili.

Fundi Hamisi alikuwa mzee mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono na vidole vyeusi. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, lakini yeye alizaliwa hapo hapo Mugumu na Kikurya alikimudu kama sisi. Kibandani kwake zilining'inia koroboi na ndoo za kumwagilia alizozifua kutokana na makopo ya mafuta ya kula. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshalipokea karai. Akaligonga kwa kidole. Akaliinamisha. Akapitisha ncha ya bisibisi ndani ya mkunjo wa ukingo. Kitone cheupe kinachong'aa kikadondoka mezani, kikagawanyika vikawa viwili, vikaanza kukimbizana.

"Mama, hili mmelitoa wapi?" fundi akauliza.

"Binti kaliokota barabarani. Nilipandia mboga."

"Hii ni zebaki. Karai hili limeoshewa dhahabu. Nikiliweka motoni hapa, mvuke wake tutauvuta mimi, wewe na mtoto. Silitengenezi. Na mboga hiyo msile."

"Tumeshakula," mama akasema polepole.

"Basi msirudi nyumbani hivi hivi. Piteni hospitali mkaeleze."

Tulipita. Mganga alituuliza maswali mengi, akatutazama macho na mikono, akatuambia tumlete na mdogo wangu wa miaka miwili, maana ndiye mdogo kuliko wote tuliokula. Kwenye gari mama alipakata lile karai limefungwa nailoni. Mimi njia nzima nilivitazama vidole vyangu nione kama vinatetemeka, kama alivyofanya mganga.

Tulipofika, mama alisimama mbele ya bustani yake. "Kama hili lilikuwa barabarani, basi siwezi kujua kipi kizuri, kipi kibaya. Vyote vinatoka."

Akaanza na pipa. Bhoke akaja akasimama, mikono nyuma. Mama aling'oa mche wa kwanza, nyanya mbichi zikiwa zimening'inia. Akang'oa wa pili. Alipoushika wa tatu, sauti yangu ikatoka yenyewe.

"Mama, ni vitatu tu."

"Vitatu nini?"

"Nilivyovitoa mwaloni. Karai na mabeseni mawili. Vingine vyote ni vya kambini."

Alibaki ameushika ule mche. "Ulinidanganya, Wankyo. Kwa nini?"

"Bhoke alileta pipa," nikasema. Sababu yenyewe, nilipoisikia kwa sauti, ilikuwa ndogo sana.

Nilisubiri fimbo. Mama aliuachia mche, akaubana udongo wake kwa vidole. Kisha akairudisha udongoni na ile miwili aliyoing'oa. "Nionyeshe hayo mabeseni," akasema.

Baba ndiye aliyechimba shimo. Hakuambiwa. Alichukua jembe mwenyewe, akaenda mbali na kisima, akachimba hadi shimo likamfika kifuani. Karai, mabeseni, udongo na gunia la mchicha vikaingia humo. Kijiji kizima kilikuwa kinachimba kitoe kitu ardhini. Sisi peke yetu tulichimba ili tufukie. Alipotoka shimoni baba alimwambia mama, "Ile ya kijitoni nilikosea." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo kabla, wala baadaye.

Adhabu yangu ilikuwa kumwagilia bustani yote peke yangu hadi shule ifungwe. Bhoke hakunisemesha siku nne, tunalala kitanda kimoja, tumepeana migongo. Siku ya tano nilimkuta kisimani na ndoo.

"Pipa langu linakunywa sana," akasema. "Hutaliweza peke yako."

Mdogo wangu alipimwa, akaangaliwa mara kadhaa, akaonekana hana tatizo. Leo ni baba wa watoto wanne na anakula kuliko wote. Rashi nayo ilikwisha kama ilivyokuja. Asubuhi moja maturubai yaling'olewa, chapati zikahama, kijitoni yakabaki mashimo yenye maji ya kijani. Majirani waliokuwa wamechimbiwa mashamba wakaanza kuja kwetu kuomba mbegu na kutazama jinsi ya kutoboa dumu. Msimu uliofuata kila uga ulikuwa na gambuti linaloota kitu ukutani.

Siku hizi mambo ni mengine. Vijana wetu kitu kikipata ufa kinakwenda jalalani siku hiyo hiyo, na sisi tunaohifadhi makopo chini ya kitanda tunachekwa. Siwalaumu, hawajui raha ya kusukuma pipa barabarani watu wakikushangilia. Lakini naona wanakitamani kitu fulani wasichoweza kukitaja. Mwezi uliopita binti yangu aliagiza kwa simu chombo cha kupandia maua. Kilipofika, kilikuwa kopo lenye kutu. Kutu ya rangi, imepakwa kiwandani, na kopo lenyewe jipya kabisa.

Mama, ambaye sasa anaishi nasi na macho yamepungua nguvu, alikiomba akishike. Akakipapasa kutoka mdomoni hadi chini.

"Kabla ya kuwa hiki, kilikuwa nini?"

"Hakikuwa kitu, bibi. Kimetengenezwa hivyo hivyo."

Akakiweka mapajani.

"Maskini," akasema, kisha akaomba aletewe udongo.